Mwasumini Wenye Majani Tele na Maua Haba

Katika nyua nyingi za Unguja na Pemba upo mwasumini ambao mwenyewe anaulalamikia. Matawi yake yamepanda ukutani mpaka yameshika bati na majani yake yanang'aa, lakini ukifika wakati wa kutunga vikuba, yaani vishada vya maua na majani ya kunukia vya kujipambia, mwenye nyumba hulazimika kumtuma mtoto kwa jirani akaombe maua. Akiuliza sababu, atapewa majibu manne kwa mara moja: wa kwanza atamwambia mti una njaa, autie samadi, wa pili atamwambia umeshiba kupita kiasi, aunyime, wa tatu atamshauri aukate, na wa nne atamwapia kwamba mwasumini hauguswi kwa kisu. Kinacholitatanisha jambo hili ni kwamba kila mmoja kati ya hao wanne amewahi kuuona ushauri wake ukifaulu. Makala haya yanakusudia kueleza namna ushauri unaopingana unavyoweza kuwa wa kweli wote, na mahali panapoufaa kila mmoja.

Ua tunalolizungumza ni asumini, ambalo wengine hulitamka yasmini, na ambalo wataalamu wa mimea huliita Jasminum sambac. Neno hilo la pili la jina lake la kitaalamu limetokana na neno la Kiarabu zanbaq, na mmea wenyewe umo katika ukoo mmoja na mzeituni. Asili yake si kwetu. Ni Asia ya Kusini, na kutoka huko umesambazwa na watu karibu kila pwani yenye joto. Ufilipino iliufanya ua lake la taifa mwaka 1934, Indonesia nayo ikaliweka miongoni mwa maua yake ya taifa mwaka 1990, na huko kusini mwa India, pembezoni mwa mji wa Madurai, wakulima huupanda mashambani kama sisi tunavyopanda mikarafuu, kwa ajili ya biashara. Nawataja wakulima hao kwa sababu maalumu: wao hawaachi mwasumini ukajiendea. Huukata kila mwaka, huuachia kiu kwa muda uliopangwa, kisha huulisha na kuunywesha. Wamefanya kwa makusudi yale ambayo kwetu hutokea kwa bahati.

Jambo la kwanza la kufahamika, na ndilo linalofungua mafundo mengine, ni mahali ua linapokaa. Asumini haikai kwenye tawi la zamani lililokwisha komaa na kufanya gome. Hukaa kwenye ncha ya chipukizi jipya, au kwenye vijitawi vifupi vinavyochomoza ubavuni baada ya tawi kukatwa. Chipukizi likishaota jozi kadhaa za majani na kupata jua la kutosha, ncha yake huacha kurefuka na kugeuka kishada cha matumba, mara nyingi matatu, na pengine hadi kumi na mbili hivi. Tumba la katikati hutangulia kufunguka na yale ya pembeni hufuata, ndiyo maana kishada kimoja hutoa maua kwa siku kadhaa mfululizo. Kishada kikimalizika, ncha ile imemaliza kazi yake, na mti hauna maua mengine ya kutoa pale mpaka uchipue upya.

Kwa hivyo wingi wa maua haufuati ukubwa wa mti. Hufuata wingi wa ncha mpya zilizoiva juani. Mwasumini uliopanda hadi kwenye bati kwa matawi matano marefu una ncha tano tu, hata ukiwa na majani ya kujaza pakacha. Mwasumini mfupi wa kiunoni, uliokatwa mara kwa mara, unaweza kuwa na ncha mia. Mwenye mti wa kwanza anaona afya na anashangaa kukosa maua, ilhali anachokiona ni urefu.

Tukilishika hilo, ushauri wa kukata unapata maana yake. Kila tawi linapokatwa juu kidogo ya jozi ya majani, macho mawili yaliyolala kwenye makwapa ya majani hayo huamka, na palipokuwa na ncha moja huwa na mbili. Yule anayesema mwasumini hauguswi kwa kisu naye ameona jambo la kweli: alikata wakati machipukizi yamekwisha kubeba matumba madogo ya kijani, yasiyoonekana na mtu aliyesimama mbali, akayaangusha yote chini, kisha akakaa muda mrefu bila ua hata moja. Kosa lilikuwa katika wakati aliouchagua.

Wakati wenyewe kwetu hupangwa na mvua na joto. Visiwa hivi viko karibu mno na Ikweta, hata siku ndefu kabisa ya mwaka haiizidi ile fupi kwa saa nzima, na mti hauna njia kubwa ya kuuhisi mwaka isipokuwa kwa maji na hari. Wakati wa Kipupwe, joto linapopungua, mwasumini hupoa na kuchanua kwake huwa kwa kusuasua. Mwisho wa kipindi hicho, Agosti inapokwenda Septemba, ndio wakati ninaoupendelea kwa mkato mkubwa: kuondoa matawi makavu na yaliyosongamana katikati, kisha kuyafupisha yaliyobaki mpaka mti uwe wa magotini au wa kiunoni. Mvua za Vuli zikianza, mti hukutwa tayari na macho mengi yaliyoamka, na hari ya Kaskazi inapoingia machipukizi yamekwisha komaa. Baada ya hapo hakuna haja ya mkato mkubwa tena. Inatosha kila kishada kinapomaliza maua kukikata pamoja na jozi moja au mbili za majani yaliyo chini yake. Kazi hiyo ni ya dakika chache jioni, na ndiyo inayoutofautisha mwasumini unaotoa maua mwaka mzima na ule unaotoa mara moja ukanyamaza.

Wanaopanda kwa ajili ya harusi wana hesabu ngumu zaidi, kwa sababu harusi zetu nyingi hufungwa mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, na mwezi huo hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka wa kawaida. Mti hauijui kalenda hiyo. Mwaka mmoja Shaaban hukutana na joto, na miaka kadhaa baadaye huangukia Masika au Kipupwe. Mimi hukata kiasi cha miezi miwili kabla ya siku inayotakiwa, na miezi ya baridi huongeza wiki mbili au tatu. Na sikati mti mzima siku moja, bali nusu yake kwanza na nusu ya pili wiki moja baadaye, ili maua yasije yote kwa pamoja kabla ya siku au baada yake.

Kukata peke yake hakutoshi kama hakuna jua. Mwasumini uliopandwa chini ya mwembe au kwenye kichochoro kinachopata mwanga wa mchana mdogo utachipua kila unapokatwa, lakini machipukizi yake yatarefuka yakiwa membamba, yakiutafuta mwanga, bila ya kufunga kishada. Mti huu unataka saa sita hivi za jua la moja kwa moja kila siku, na jua la asubuhi hadi adhuhuri linaufaa kuliko lile la alasiri linalopiga ukuta mweupe na kuurudishia joto. Katika nyumba za Mji Mkongwe zenye kiwanja cha ndani, mahali pazuri mara nyingi ni juu ya paa, kwenye debe au chungu kikubwa kilichotobolewa chini. Mtu akiona vigumu kuuhamisha mti, afadhali apogoe mwembe.

Sasa tuje kwenye chakula, ambapo majirani wawili wa mwanzo waligongana. Naitrojeni ndiyo inayojenga majani na shina, na samadi ya kuku imejaa naitrojeni. Mtu akiutia samadi hiyo kwa wingi mti unaokaa kwenye kivuli na usiokatwa, atapata majani makubwa laini na vidukari wa kuyafuata, na hapo aliyesema mti umeshiba amesema kweli. Lakini mti uliokatwa upya, unaotakiwa kuota ncha mia kwa mara moja, una njaa halisi, na hapo ndipo samadi ya ng'ombe au ya mbuzi iliyooza vizuri inapofanya kazi yake. Utaratibu unaofaa ni kulisha mara baada ya mkato, kurudia kidogo machipukizi yanapofika urefu wa kiganja, kisha kuacha mpaka maua yapite. Anayetumia mbolea ya dukani achague ile ambayo potasiamu na fosforasi yake hazizidiwi na naitrojeni, na aipunguze kuliko maelekezo ya pakiti ikiwa mti uko kwenye chungu, kwa kuwa chunguni chumvi ya mbolea haina pa kwenda.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, maradhi makubwa ya miasumini ya Unguja hayatokani na mkato wala samadi, bali yanatokana na jiwe. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya kisiwa ni uwanda, yaani mwamba wa matumbawe wenye udongo haba katika mashimo yake, na mwamba huo kwa asili ni kaboneti ya kalsiamu, kitu kile kile tunachokipata kwenye chokaa iliyokwisha kukaa ukutani. Mjini, ambako udongo una kina zaidi, tumejitengenezea uwanda mwingine kwa mikono yetu: kuta za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kila plasta inapobanduka na kila kifusi kinapomwagwa uani, udongo wa chini ya ukuta huzidi kuwa wa alikali, yaani kinyume cha uchachu. Kwa bahati mbaya mguu wa ukuta ndipo hasa tunapopenda kuupanda mwasumini, ili upate pa kuegemea.

Mwasumini hupenda udongo ulio karibu na wastani au wenye uchachu kidogo. Katika udongo wa chokaa mti haufi, lakini hushindwa kuyapata madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, tena kingi, ila chokaa hukifunga katika hali isiyoyeyuka, na mizizi hunywa tu kilichoyeyuka. Majani machanga ya nchani ndiyo ya kwanza kuonyesha dalili: hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mfano wa wavu uliotandazwa juu ya kitambaa. Chipukizi la namna hiyo halina nguvu ya kulisha kishada. Niliwahi kuupanda mwasumini kwenye mguu wa ukuta uliokuwa unamomonyoka, na kila nilipouona manjano niliongeza samadi na maji ya kisima, na kila nilipoongeza ulizidi kupauka. Ilinichukua misimu miwili kufahamu kwamba maji yenyewe ya kisima yalikuwa yanabeba chokaa na kuiongezea pale pale.

Dalili ya manjano inahitaji kusomwa kwa makini, kwa maana si kila manjano ni ya chuma. Yakianza kwenye majani makongwe ya chini na kulienea jani zima, mishipa pamoja, mti una upungufu wa naitrojeni, na samadi itauponya. Yakienea mti mzima huku udongo umelowa na kunuka, mizizi inakosa hewa. Ukingo wa majani ukikauka na kuwa kahawia kama uliounguzwa, chumvi ndiyo ya kushukiwa, hasa kwa wanaokaa Paje, Jambiani au Makunduchi, ambako upepo wa Kusi huleta rasharasha ya bahari, na kwa wanaotumia visima vya karibu na pwani. Maji matamu chini ya visiwa vyetu yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye mwamba, na kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda.

Ipo njia rahisi ya kuupima udongo nyumbani. Chukua kiganja cha udongo mkavu, uutie siki kidogo. Ukichemka na kutoa mapovu, una chokaa nyingi. Maji nayo hujipima kwa sabuni: yakikataa kutoa povu na kuacha magamba meupe ndani ya birika, ni maji magumu, na mwasumini wa kwenye chungu hautayastahimili kwa miaka mingi.

Dawa ya kudumu ni kumbadilishia mti makazi. Kwenye uwanda au kwenye kifusi, chimba shimo la upana na kina cha mkono mzima, ondoa mawe na vipande vya plasta, kisha jaza kinongo, ule udongo mwekundu wa upande wa magharibi na kati ya Unguja, uliochanganywa na mboji na usumba wa makumbi ya nazi. Na uache nafasi ya hatua moja baina ya mti na ukuta, uuwekee kichanja cha kupandia badala ya kuuegemeza ukutani. Juu ya udongo tandaza majani makavu au makumbi, ambayo yakioza huongeza uchachu kidogo kidogo na kuzuia ardhi isikauke. Maji ya mvua yanayoshuka kwenye bati yanastahili kukingwa kwenye pipa kwa ajili ya mti huu kuliko mti mwingine wowote uani. Kwa mti uliokwisha kuugua, maduka ya pembejeo huuza madini ya chuma yaliyotengenezwa maalumu ili yasifungwe na chokaa, na hayo huurudishia ukijani katika machipukizi yanayofuata. Wapo wanaofukia misumari chini ya mti kwa nia hiyo hiyo. Kutu ya msumari hufungwa na chokaa kama chuma kilichokuwamo tangu mwanzo, na mti haupati kitu.

Majivu yanahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa kumwaga majivu ya jikoni kwenye mashina ni ada ya nyumba nyingi. Majivu yana potasiamu, na katika udongo wenye kina wa Pemba uliooshwa na mvua nyingi, kama ule wa mashamba ya mikarafuu, kiganja chake mara moja moja hakina ubaya. Lakini majivu ni alikali. Kuyamwaga kwenye uwanda wa Micheweni au chini ya ukuta wa Mji Mkongwe ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Vivyo hivyo mchanga wa pwani, ambao watu huuchanganya kwenye vyungu ili maji yapite, ni vumbi la makombe na matumbawe lenye chumvi. Mchanga wa bara ndio unaofaa.

Kuhusu kumwagilia, kanuni hufuata ile ile ya chipukizi. Wiki mbili kabla ya mkato mkubwa, mti wa ardhini upunguziwe maji mpaka majani yaanze kulegea kidogo mchana, kwa sababu pumziko hilo husimamisha urefukaji. Ukishakatwa, unyweshwe maji mengi na uendelee kupata unyevu wa kutosha hadi mwisho wa maua. Mti wa chunguni usiachiwe kiu hiyo, kwani udongo wake ni haba na hukauka siku moja.

Wadudu nitawapitia kwa ufupi. Vidung'ata weupe kama pamba, vidukari na inzi weupe hufyonza utomvu na kuacha utamu unaoota ukungu mweusi kama masizi. Chungu, yaani sisimizi, wakionekana wakipanda na kushuka, tafuta wanachokichunga, maana huwalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu huo. Maji ya sabuni yaliyonyunyizwa upande wa chini wa majani, jioni, kwa kurudia kila baada ya siku chache, huwamaliza wengi. Majani yakiwa na vidoadoa vya kupauka wakati wa ukame, ni utitiri, na maji safi yanayopigwa kwa nguvu chini ya majani huwapunguza. Matumba yanayogeuka zambarau na kuanguka kabla ya kufunguka, na ndani yake mkawa na funza, yaokotwe yote na kuchomwa moto. Kuyaacha chini ya mti ni kuwalea.

Mwasumini kwa nadra sana hutoa mbegu, na ndiyo sababu haukuenea visiwani kwa ndege wala kwa upepo. Umeenea kwa mikono ya watu, wengi wao wanawake, waliokatiana vijiti na kupeana uani kwa uani, na huenda miti yote ya mtaa mmoja ikawa ni mti mmoja uliogawanywa. Kijiti kizuri ni cha tawi lisilo changa wala kongwe, urefu wa kiganja, lenye vifundo vitatu. Majani ya chini yanaondolewa, kifundo kimoja au viwili vinazikwa kwenye mchanga wa bara na mboji, na chombo kinawekwa kivulini kikiwa na unyevu. Mizizi hushika baada ya wiki nne hadi sita. Asiye na subira na kijiti alilaze tawi la chini likiwa bado kwenye mti, alikwaruze kidogo upande mmoja na kulifukia, kisha alikate likishapata mizizi yake lenyewe. Kabla ya kuomba kijiti, mtu aangalie ni aina gani: asumini ya tabaka moja hutambaa, huchanua kwa wingi na huangusha maua yake, ilhali ile iliyofumbata tabaka nyingi kama waridi dogo hukua taratibu, huwa na matawi magumu, na maua yake hunyaukia mtini. Kwa kutunga vikuba pamoja na rehani na kilua, ile ya kwanza ndiyo inayofaa.

Limebaki suala la kuchuma, ambalo nalo huharibiwa kwa haraka. Ua la asumini hufunguka jua linapozama, hutoa harufu yake kali usiku, wakati nondo wanaporuka, na kufikia asubuhi ya pili limekwisha kulegea. Anayechuma ua lililofunguka anachuma saa zake za mwisho. Linalochumwa ni tumba lililojaa, jeupe lote, ambalo bado limefumba, baada ya alasiri na kabla ya magharibi. Tumba la namna hiyo litafunguka lenyewe kwenye uzi au kifuani mwa mvaaji. Tumba lenye ukijani halitafunguka kamwe likishakatwa. Lifungwe kwenye kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, lisiloweshwe lenyewe, kwa kuwa maji huligeuza kahawia. Na mchumaji anapomaliza kishada, mkasi ukiwa bado mkononi, akate jozi mbili za majani chini ya kikonyo kilichobaki wazi.